Bonyeza, Sema, Achia

Jumamosi alasiri, Mwalimu Urbanus Muthoka aliegemeza simu yake kwenye mfuko wa unga, akakaza tai shingoni, akaanza kurekodi somo la kuomba msaada hewani. Ilimbidi aanze upya mara kadhaa. Mashine ya kusaga ya jirani, huko Kamenu, ilinguruma kila alipolifikia neno "dharura", na jogoo wa mama mwenye ploti alimopanga chumba aliruka juu ya meza akakataa kushuka. Hatimaye Muthoka aliamua kuendelea na jogoo akiwa hapo hapo, kwa kuwa mwanga ulikuwa unapungua.

Somo lenyewe lilikuwa fupi. Mtu aliyekwama mahali, alieleza, aanze kwa kusema "dharura" mara tatu. Kisha ataje jina lake, mahali alipo, idadi ya walio pamoja naye na hali zao. Asilie na asisimulie. Akimaliza, aseme kwamba anasikiliza. Akishajibiwa, aizime redio ili betri isiishe, aiwashe tena jioni ya pili yake, wakati wa mkutano wa redio wa kila jioni, kwa sababu wakati huo anajua kuwa wapo watu wanaosikiliza. Muthoka alirudia mpangilio huo polepole, akiuhesabu kwa vidole, kama alivyokuwa akiwafundisha wanafunzi wa fizikia kabla hajastaafu.

Redio aliyoifundisha ni ile iitwayo ya ridhaa, ambayo mtu huzungumza na walio mbali kwa kupenda kwake tu, bila kulipwa na bila kutangaza biashara. Chama cha watu wa redio hiyo mjini Thika kilikuwa kimebakiwa na wanachama wawili. Muthoka alikuwa mmoja wao, na yule mwingine alikuwa ameanza kuwa kiziwi. Ndipo Muthoka alipoamua kutafuta wageni kwa njia ya video. Alionyesha jinsi ya kukata waya wa shaba, jinsi ya kusimamisha antena juu ya bomba la plastiki, na jinsi ya kujiandaa kwa mtihani wa leseni. Watazamaji walikuja kidogo kidogo. Wengi wao walikuja kwa ajili ya kucheka.

"Guka, hiyo tai unaenda harusi ya nani?" mmoja aliandika chini ya video hiyo, akimwita babu kwa Kikuyu.

Mwingine aliuliza kama jogoo ana leseni.

"Jogoo hana leseni," Muthoka alimjibu. "Ndiyo sababu hakusema neno."

Hata hivyo, baadhi ya waliokuja kucheka walibaki. Alibaki Kiama, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyepanga chumba Kahawa Sukari. Alibaki pia Waithira, fundi wa cherehani aliyeishi katika jumba la kupanga huko Gatongora, Ruiru, na bintiye mdogo aitwaye Becky. Waithira alikuwa mwanafunzi bora kuliko wote. Alifaulu mtihani mara ya kwanza, na Muthoka akamwazima redio ya mkononi iliyokuwa mali ya chama, ambayo Waithira aliiweka dirishani karibu na cherehani.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya taarifa ya habari, Muthoka aliketi mbele ya redio yake kubwa akaufungua mkutano wa jioni. Aliita majina, na kila aliyeitwa alijibu.

"Niaje Mwalimu. Kiama, Kahawa Sukari. Nakupata fiti."

"Sema, 'Nimekusikia vizuri.'"

"Nimekusikia vizuri fiti, Mwalimu."

"Waithira."

"Habari ya jioni, Mwalimu. Waithira, Gatongora. Nimekusikia vizuri. Becky anauliza kama jogoo ameshuka mezani."

Muthoka alikuwa anataka kusema kwamba ameshuka, lakini sauti nyingine ilitangulia.

"Dharura, dharura, dharura. Waithira, Gatongora. Niko katika jumba la Mzee Bedan, ghorofa ya pili, lakini ghorofa ya pili iko chini sasa. Tuko wawili. Mguu wangu umebanwa na nguzo. Mtoto ni mzima, ila anaogopa. Nasikiliza."

Ilikuwa sauti ya Waithira. Ilikuwa kavu kidogo, kama sauti ya mtu aliyemeza vumbi, lakini mpangilio wake ulikuwa sahihi kabisa.

"Waithira," alisema Muthoka, "sikupanga zoezi leo."

"Mwalimu, si mimi," alisema Waithira. "Mimi niko kwa jiko. Nakaanga vitunguu."

"Ni yeye," alisema Kiama. "Lakini wako wawili."

Taratibu zilimtaka Muthoka amjibu aliyeomba msaada kwanza, na wengine wote wanyamaze. Akabonyeza kitufe, akasema amemsikia, akamwuliza kama ana maji. Sauti ilisema kwamba kulikuwa na maji kidogo katika chupa ya shule ya mtoto. Akamwuliza kama anasikia watu juu yake. Ilisema kwamba mwanzoni ilisikia watu wakichimba, kisha ikasikia mashine, kisha haikusikia kitu.

Hapo Waithira aliyekuwa jikoni aliingilia, kinyume cha taratibu. "Becky yuko aje?"

"Nani anauliza?"

"Ni mimi. Waithira."

"Sawa," ilisema sauti. "Basi wajua mwenyewe anavyoogopa giza."

Ndipo Muthoka alipotambua kosa lake. Katika somo zima alilorekodi mbele ya jogoo, hakumwambia mwombaji msaada ataje siku. Wala hakuna mwalimu yeyote wa redio aliyewahi kulifundisha jambo hilo, kwa kuwa mtu anayeomba msaada huuomba wakati anapouhitaji. Hakuna aliyefikiri kwamba mtu angeweza kuuomba mapema.

"Waithira," alisema, akiielekea ile sauti kavu, "kwako ni siku gani?"

"Ni leo, Mwalimu."

"Leo tarehe ngapi?"

"Hapa ni leo tu," ilisema sauti. "Nazima redio nihifadhi betri. Nitarudi jioni."

Waithira alikaa jikoni na redio mkononi mpaka vitunguu vikaungua. Kisha alimlisha mtoto mkate mkavu na chai, akalala naye chini ya meza ya cherehani, kwa sababu meza hiyo ilikuwa ya mbao ngumu.

Asubuhi Muthoka alisafiri hadi Gatongora. Jumba la Mzee Bedan lilisimama katika barabara ya vumbi, nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, nalo lilikuwa limepakwa rangi ya krimu. Msingi wake ulichimbwa kwa ajili ya ghorofa tatu. Mafundi walikuwa wanaijenga ya sita. Karibu na mlango, chini ya ile krimu, ilionekana alama nyekundu ya msalaba wa kulala, mfano wa herufi X, ile ambayo maofisa wa majengo huchora ukutani wakitaka watu wahame. Bedan alikuwa ameifunika kwa rangi, lakini kila mvua iliponyesha alama ilijitokeza tena, naye aliifunika tena.

Waithira alimwonyesha ufa uliopanda kutoka sakafuni mpaka kwenye dari. Alikuwa ameuziba kwa vitambaa vilivyobaki kazini, na mtu aliweza kuusoma mwaka mzima kwa kuvitazama: sare za shule, magauni ya harusi, kanzu za kwaya.

Mzee Bedan aliwapokea vyema. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mpole mwenye sauti ya chini. Aliwakaribisha kwenye viti vya plastiki katikati ya marundo ya kokoto, akawasikiliza mpaka mwisho, akauliza maswali ya maana.

"Huyo anayesema redioni alisikia ukuta ukianguka, ama ni slabu ya zege?"

"Hakusema, Mzee," alisema Muthoka.

"Na mimi nilisikika?"

"Hapana."

Bedan aliwaza. "Basi siku hiyo sipo hapa," alisema, na ikaonekana kwamba ametua mzigo mzito. "Mama Becky, mimi sikufukuzi. Lakini kama una wasiwasi, hama tu na amani. Nyumba haikosi mtu. Wengine wanapiga simu kila siku."

"Mzee, si mimi tu. Nyumba yote imelala chini."

"Umesikika wewe tu," alisema Bedan. "Wengine hawajalalamika."

Kutoka hapo walikwenda katika ofisi inayoshughulikia majengo. Ofisa aliyewahudumia alikuwa mwanamke kijana mwenye adabu. Kiama alikuwa ameirekodi sauti hiyo akawatumia, nao walimsikilizisha ofisa kwenye simu. Aliisikiliza yote. Waithira aligeukia dirishani ili asijisikie.

"Ni ombi zuri sana," alisema ofisa. "Jina lipo, mahali papo, hali ya majeruhi ipo. Lakini halina tarehe."

"Yeye mwenyewe haijui," alisema Muthoka.

"Mwalimu, nielewe. Nikituma wachimbaji leo wakute nyumba imesimama, nitaulizwa. Nikiwatuma baada ya kuanguka, hapo hakuna shida, hiyo ni kazi yao. Mkipata tarehe, mnirudie."

"Na alama ile nyekundu?" aliuliza Waithira.

"Ile tulichora," alisema ofisa. "Iko kwenye kumbukumbu kwamba tulichora."

Jioni hiyo Muthoka alirekodi somo jipya. Halikuwa na jogoo wala utani. Aliwaambia watazamaji wake kwamba aombaye msaada ataje pia siku, tarehe na mwezi. Waithira wa Gatongora, yule wa jikoni, aliitazama video hiyo mara nyingi, akarudia maneno mpaka akayakariri, kwa kuwa alidhani kwamba akiyakariri yeye, yule wa chini naye angeyajua. Na kweli yule wa chini aliyajua. Mkutano ulipofunguliwa alisema dharura mara tatu, akataja jina, mahali na hali zao, kisha akasema, "Siku: leo. Tarehe: leo. Mwezi: huu huu." Alikuwa amefuata somo kadiri alivyoweza.

Baada ya hapo Waithira hakutaka kungoja zaidi. Alipata chumba cha mabati Kamenu, si mbali na ploti alimokaa Muthoka, na mwisho wa juma alihama na cherehani, meza ya mbao ngumu na mtoto. Redio aliiacha dirishani ikiwa bado kwenye chaja.

"Nitakwenda kuichukua kesho," alisema Muthoka.

"Usiniletee mimi," alisema Waithira. "Sitaki kukaa na kitu kinachonijua hivyo."

Jioni hiyo alikaa chumbani mwa Muthoka, na Becky akiwa amelala mapajani mwake, wakaungojea mkutano pamoja. Muthoka aliita majina. Kiama alijibu kutoka Kahawa Sukari, lakini bila utani wowote. Kisha wakasikiliza. Hewa ilikuwa tulivu. Hakuna aliyesema dharura, na Waithira alianza kulia polepole, kilio cha mtu aliyeshukiwa na nafuu.

Ndipo masafa yakafunguka. Kwanza ilisikika changarawe ikidondoka. Kisha walisikia pumzi, na mtoto akikohoa, na mtoto mwingine, na mwanamke akiita kwa sauti ambayo hapana aliyeijua. Hakutaja jina. Hakutaja mahali. Aliita mama yake, akawaita majirani, akamwita Mungu kwa Kikamba, akasema kwamba vumbi limewajaa na kwamba mmoja hasogei.

"Mama, nimekusikia," alisema Muthoka. "Achia kitufe. Achia kitufe nikujibu."

Lakini hakuachia. Hilo ni kosa la kila mgeni wa redio. Mgeni hudhani kwamba redio ni kama simu, ambayo mtu husema na kusikia kwa wakati mmoja, kwa hiyo hukishika kitufe na kukikamata kwa nguvu zake zote. Na redio ya namna hiyo haisikii kitu maadamu kitufe chake kimebonyezwa. Mwanamke yule alikuwa amekishika kama mtu anavyoshika mkono wa mwenzake. Alisema na kusema, akauliza kwa nini hakuna anayemjibu, na wote waliomsikia walikuwa wanamjibu. Aliendelea hivyo mpaka betri ikaisha.

Waithira alimtazama Muthoka. "Ni chumba changu," alisema. "Mimi nimetoka, mwingine ameingia."

Kesho yake lilitokea swali jipya chini ya somo la jogoo. Mtu aliyejiita Mama Boaz alikuwa ameandika: "Mwalimu, hii redio tumeipata kwa nyumba tumehamia Gatongora. Inawashwa aje?"

Muthoka hakumjibu kwa maandishi. Alikwenda. Mlango ulifunguliwa na mwanamke mwembamba aitwaye Mbula, muuza mboga, na nyuma yake walisimama watoto wanne, mdogo wao, Boaz, akiwa na redio mdomoni. Ufa ulikuwa umezibwa bado kwa vitambaa vya Waithira. Mbula alikuwa ameongeza kipande cha pazia.

Muthoka alimweleza yote aliyoyasikia. Alimweleza kwa ukamilifu, kama daktari anavyomweleza mgonjwa, kisha akamsikilizisha ile sauti. Mbula aliisikiliza akiwa ameshika kiuno.

"Ni mimi," alisema ilipokwisha. "Hiyo kupiga kelele ni mimi kabisa. Hata kwa kuzaa nilipiga hivyo hivyo."

"Hama, mama."

"Nihamie wapi, Mwalimu? Tulikokuwa, ng'ambo ya mto, nyumba iliangushwa na tingatinga tukiwa tunaitazama. Nimetafuta miezi. Wenye nyumba wanauliza watoto ni wangapi kabla hawajauliza jina. Huyu Bedan ndiye hakuuliza."

Muthoka na Waithira walitembea naye siku zilizofuata, Gatongora yote na Kamenu yote, wakiuliza vyumba. Kila mahali mwenye nyumba alitazama nyuma ya Mbula, akawaona watoto, akakumbuka kwamba chumba kimeshachukuliwa. Waithira alisema wakae kwake, lakini chumba chake kilijaa kitanda na cherehani, na mwenye ploti alikuwa ameshasema kwamba vyoo havitoshi. Na kila jioni, yule wa chini aliita mama yake mpaka betri ikaisha, bila kusikia neno hata moja alilojibiwa.

"Hata nikipata nyumba," Mbula alisema jioni moja, akiwa ameketi juu ya gunia la sukumawiki alilorudi nalo kutoka sokoni, "nikitoka hapa, kesho ataingia mwingine. Si ndivyo ilivyokuwa kwa Mama Becky?"

Waithira aliinamisha uso.

"Sikulaumu, dada. Ningekuwa wewe ningetoka mbio. Nasema tu. Huyo mwingine naye hatajua kuachia kitufe." Alimgeukia Muthoka. "Nifundishe mimi."

Muthoka alikuwa amefundisha maisha yake yote na hakuwahi kuogopa somo. Hili aliliogopa. Aliona kwamba kumfundisha Mbula ni kama kumpimia sanda akiwa hai. Aliona pia kwamba kutomfundisha ni kumwacha akiwapigia kelele watu asioweza kuwasikia. Alikwenda nyumbani, akavaa tai, akarudi na simu yake.

Walirekodi somo chumbani mwa Mbula. Muthoka alisema, "Bonyeza. Sema. Achia." Mbula alibonyeza, akasema, akasahau kuachia. Walirudia. Boaz alikuwa wa kwanza kuelewa, naye akawa anampiga mama yake kiganjani kila aliposahau, akisema, "Mum, achia! Achia!" huku ndugu zake wakicheka. Walirudia mpaka sufuria ya ugali ikawa tayari. Mwisho Mbula alibonyeza, akataja jina lake na Gatongora, akaachia, na katika ukimya aliouacha ikasikika sauti ya Kiama kutoka Kahawa Sukari.

"Mama Boaz, niaje. Nimekusikia vizuri."

"Haki huyu kijana yuko ndani ya redio!" alisema Mbula, na kwa mara ya kwanza alicheka. Kwa maneno ya zoezi Muthoka hakuwa na wasiwasi, kwa kuwa mgeni asiye na leseni huruhusiwa kusema akiwa chini ya usimamizi wa mwenye leseni. Na akiwa katika hatari ya kufa, sheria inamruhusu kusema peke yake. Muthoka aliwahakikishia watazamaji jambo hilo ili yule wa chini asije akadhaniwa kuwa anavunja sheria.

Jioni hiyo hiyo Muthoka aliufungua mkutano hapo hapo chumbani mwa Mbula, kwa redio ile ya mkononi. Mbula alikuwa akigawa ugali. Changarawe ilidondoka hewani.

"Dharura, dharura, dharura. Mbula, Gatongora. Tuko watano. Mikono yangu yote ni mizima. Watatu wanalia. Huyu mdogo hajibu. Nasikiliza."

Kitufe kikaachiwa. Ulikuwa ukimya safi, usio na mkwaruzo, na ulikuwa wa kutisha kuliko kelele zote zilizoutangulia.

Mbula aliacha mwiko. Alimvuta Boaz, akamshika kidevu, akamtazama. Mdomo wa mtoto ulikuwa umejaa ugali.

"Boaz."

"Eeh?"

"Anajibu hapa," Mbula aliwaambia waliokuwepo. "Kwa sasa anajibu."

Muthoka alimjibu yule wa chini. Alimwambia amgeuze mtoto ubavu, amsafishe vumbi mdomoni kwa kidole. Kisha sauti ilisema kwamba mtoto amekohoa. Mbula aliyekuwa juu alikaa chini sakafuni, naye hakula tena jioni hiyo.

Video ya Mbula ilitazamwa na watu wengi kuliko zote alizowahi kutengeneza Muthoka. Hakuna aliyeandika juu ya tai. Waliandika kutoka majumba ya Ruiru na ya Thika, kutoka vyumba vilivyo juu ya baa na vilivyo juu ya makanisa, wakiuliza redio inapatikana wapi na mtihani unafanywa lini. Chama kilichokuwa na wazee wawili kikakosa viti vya kutosha. Muthoka aliwafundisha wote. Baadhi yao, walipokwisha kujifunza, walianza kusikika jioni mara mbili, mara moja kwa sauti ya kawaida na mara moja kwa sauti kavu, na Muthoka, msimamizi wa mkutano, akaona ni vyema kuwe na mpangilio: walioko juu waitwe kwanza, walioko chini waitwe baadaye, ili sauti zisigongane.

Ofisa wa majengo alijiunga pia, kama msikilizaji. Alikuwa mwaminifu katika kuhudhuria. Alikuwa anangojea tarehe.

Mzee Bedan aliimaliza ghorofa ya sita akaanza ya saba. Alipoona wapangaji wakimwuliza kuhusu redio, aliagiza bango jipya likatundikwa barabarani, lililosema kwamba nyumba zake zina maji, stima na redio. Vyumba vya juu vilijaa kabla madirisha hayajawekwa vioo. Mvua iliponyesha, mchoraji wake alikuja na mkebe wa krimu.

Na Mbula aliendelea kujifunza, kwa kuwa hakupenda kufanya jambo nusu nusu. Kila jioni alijisikiliza na kujisahihisha. Alisema kwamba ameongea haraka mno, au kwamba amesahau kusema jumba liko nyuma ya duka gani, na kesho yake yule wa chini hakusahau. Sauti ilizidi kuwa tulivu. Haikuita tena mama yake. Ikawa sauti bora katika mkutano wote, hata Muthoka akawa anawaambia wageni waisikilize wajifunze.

Juma la mwisho la mvua ya masika, sauti hiyo iliongeza swali. Ilitaja jina, mahali, idadi na hali zao. Ilisema kwamba Boaz anapumua. Kisha iliuliza, bila kulia na bila kusimulia, "Je, mnakuja?"

Ikaachia kitufe, kama ilivyofundishwa, ikangoja.

Muthoka alikiweka kidole juu ya kitufe chake. Alimtazama Waithira, aliyekuwa amekuja na Becky kusikiliza, naye Waithira akatazama ukuta. Katika taratibu zote alizozijua, aliyeulizwa hana budi kujibu, na swali likishindwa kujibiwa na msimamizi hupelekwa kwa wanachama kwa mpangilio wa majina. Alibonyeza.

"Kiama."

"Kiama, Kahawa Sukari," alisema Kiama, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyezeeka. "Nimekusikia vizuri."

"Waithira."

Waithira alisogea kwenye redio kubwa. "Waithira, Kamenu. Nimekusikia vizuri."

Muthoka aliendelea kuita, na wageni wote, kutoka vyumba vilivyo juu ya baa na vilivyo juu ya makanisa, walijibu mmoja baada ya mwingine kwamba wamesikia vizuri. Hakuna aliyesema zaidi ya hapo. Tangu jioni ile swali huulizwa kila siku, nao humjibu hivyo kila siku, wala hakuna mwanachama anayekosa.

Mbula huitwa wa mwisho. Huifuta mikono yake kwa kanga, huwanyamazisha watoto, huchukua redio dirishani, hubonyeza.

"Mbula, Gatongora," husema. "Nimekusikia vizuri."

Kisha huachia.